Mjomba, Umehamia Nchi Gani?

Karakana ya makochi
4 Februari

Mpwa wangu Tindo,

Nakusalimu kwa mikono miwili, maana mdomo, kama utakavyosoma, uko likizo. Sisi huku wazima. Mkaza mjomba wako mzima, goti limeacha kumlilia tangu nilipomtengenezea kigoda chenye sponji ambayo hata mahospitalini hawana. Msusi wa mlango wa pili mzima, anauliza kama huko uliko wanasuka au wananyoa tu. Paka wa karakana amezalia ndani ya kochi la mwalimu mkuu, upande wa springi, kwa hiyo mwalimu mkuu itabidi asubiri mpaka watoto wafumbue macho. Nimemwandikia kwamba kochi lake liko kwenye majaribio ya uzito.

Kazi inakwenda. Wiki iliyopita nimelivalisha kochi la watu saba kwa kutwa moja, peke yangu, kwa sindano moja, na sindano haikupinda. Watu walijaa mlangoni kutazama. Mmoja alilia.

Sasa nije kwenye jambo. Ukipiga simu yangu ukaambiwa haipatikani, usiwe na wasiwasi, nimeizima mwenyewe. Nilikwenda kwa daktari wa koo kwa ajili ya ule mkwaruzo wa sauti unaoujua. Alipomulika tu akawaita wenzake, "Njooni muone koo!" Wakaja wakapanga foleni. Walisema koo namna hii lilikusudiwa uwanja wa mpira, likapotelea karakana. Basi wakaniondolea kauchafu kadogo, mambo ya usafi tu, na daktari akaniomba (aliniomba, hakunilazimisha) nisitoe sauti, hata ya kunong'ona, mpaka atakaponiruhusu. Sasa simu ya nini? Kila anayepiga anataka umwambie halo. Na meseji usinitajie. Vidole vyangu vya kuvuta ngozi vinabonyeza herufi tatu kwa mpigo. Juzi nilitaka kumwandikia muuza sponji "leta mbili", ikaenda "lewa mbili". Alinijibu kwamba yeye pombe ameacha.

Ndiyo maana nimeshika kalamu. Kinachoniuma ni hiki. Tangu dada yangu, mama yako, atutoke, mimi na wewe hatujawahi kukosa mpira wetu wa Jumamosi kwenye mashine ya gemu, hata ile Jumamosi ya mafuriko tulicheza miguu iko kwenye beseni. Tangu uondoke, kila Jumamosi nakaa kwenye kochi la majaribio, nawasha, natazama jina lako. Halina taa. Mpwa wangu, gemu haihitaji mdomo. Mimi sasa hivi ni mtu wa gemu kuliko wakati wowote. Umenikimbia, au umeogopa kipigo?

Mjomba wako,
Fundi wa mafundi


Nyumba ya wafanyakazi
19 Februari

Shikamoo mjomba,

Barua yako imenikuta natoka zamu, nimeisomea ngazini na jaketi langu la baridi mwilini, jua linawaka, wapita njia wananitazama kama kichaa. Mimi mzima. Vyumba vya baridi vya kiwanda ni vikubwa kuliko mtaa wetu, na matunda humo ndani yanatunzwa kuliko sisi tunaoyatunza. Wiki hii feni moja iligoma, nikaifungua, nikamkuta nyuki amegandia ndani akiwa mzima wa umbo. Mwenzangu wa chumba ni mpakiaji, mpole, anakoroma. Msalimie mkaza mjomba na goti lake. Mwambie msusi huku wanasuka ila hawaongei wakati wa kusuka, nilitoka saluni sijui habari ya mtu yeyote.

Mjomba, sijakukimbia. Mashine yangu nilikuja nayo, iko mezani. Nikiiwasha nicheze nawe inaniandikia: huduma hii haipo katika eneo lako. Nchi niliyopo, wenye gemu hawajafungua huduma ya kucheza na watu wa mbali. Nilidhani nitapata njia kabla hujatambua.

Njia ipo. Inaitwa VPN, tamka vi-pi-eni. Nikueleze kifundi. Kochi ni lile lile, liko chumbani kwangu, lakini ukilivalisha kitambaa cha nyumbani kwetu, anayelitazama kwa nje atasema hili kochi liko kule. VPN ndiyo kitambaa. Intaneti yangu inapitia kwanza kwenye kompyuta iliyoko upande wenu, ndipo iende kwenye gemu, kwa hiyo gemu inaniona niko nyumbani. Taabu ni kwamba mashine za gemu hazikubali kuwekewa VPN moja kwa moja. Inabidi uiweke kwenye laptopu halafu uvute waya kutoka laptopu kwenda kwenye mashine, au uiweke kwenye ruta, kile kisanduku kinachogawa intaneti. Na ziko nyingi, za bure na za kulipia, za kuaminika na za matapeli. Nachagua taratibu. Wewe usifanye chochote, tatizo liko upande wangu.

Na sasa nakuuliza kwa heshima. Unayeniandikia ni mtu ambaye akipoteza kidole atasema amepunguza mzigo wa pete. Daktari hamfungi mtu mdomo kwa ajili ya usafi. Wameondoa nini?

Mpwa wako


Karakana
8 Machi

Tindo,

Marahaba, na marahaba nyingine uweke akiba. Wazima huku. Paka wamefumbua macho, wanne, mmoja anafanana na mwalimu mkuu.

Barua yako niliisoma mpaka pale penye vi-pi-eni, nikasema basi, nimeelewa, nikainuka. Mimi si mtu wa kusubiri aya ya pili. Hili jambo la kuvalisha nalijua tangu hujazaliwa.

Nikaenda kwa fundi simu wa pale kona, yule tunayemwita Nukta. Kibanda kimejaa watu. Sina sauti, kwa hiyo nikaeleza kwa mikono. Nikaonyesha mbali, nikaonyesha kupita chini kwa chini, nikaonyesha kuvaa shuka.

"Mzee anataka chaja," akasema mmoja.

"Chaja gani ya kuvaa? Huyu anahama nyumba kwa siri."

"Jamani, mtu amekabwa na mfupa, mpigeni mgongoni!"

Na walinipiga, mpwa wangu. Mwanamke mmoja ana mkono kama nyundo. Nikatoa chaki yangu ya kukatia vitambaa nikaandika juu ya meza yake kwa herufi kubwa: VIPI ENI.

Nukta akatazama, akasema, "Salama tu mjomba, vipi wewe?"

Kibanda kizima kikavunjika kwa kicheko. Mwisho nikachora pedi ya gemu, nikachora ulimwengu, nikachora wewe. Akashika kichwa. "Aaa! VPN! Si ungesema!" Ningesemaje?

Jumamosi iliyopita akaja karakana, akaniwekea moja ya bure kwenye ruta, akanionyesha orodha ya nchi na bendera zake, chagua mwenyewe mjomba. Nikachagua bendera yako. Gemu ikafunguka kwa lugha ya kwenu, sikuelewa hata neno, lakini mpira ni mpira. Mara nikaona mchezaji ananiita tucheze. Jina limeandikwa kwa herufi za ajabu, nikajua umebadilisha jina uendane na wenyeji, hukukosea. Tukacheza. Ulinifunga sita. Nataka ujue nilikuachia, kwa sababu uko ugenini na mgeni hafungwi. Nimeona pia umejifunza kupiga kwa mguu wa kulia, na kwamba ukifunga unacheza ngoma ya kunidharau, jambo ambalo mama yako asingelipenda.

Sasa aya ya mwisho ya barua yako niliisoma baadaye. Mkaza mjomba wako amesimama nyuma yangu, ameweka kigoda, amesema hasogei mpaka niandike sawasawa, na nikitia chumvi ataifuta kwa kidole chenye mate. Basi andika, mkono. Walikuta uvimbe kwenye nyuzi za sauti. Wameutoa. Kipande chake kimepelekwa maabara ya hospitali kubwa kuangaliwa kama ni uvimbe mzuri au mbaya. Majibu hayajaja. Daktari hajasema kama sauti itarudi ile ile. Basi. Ameridhika, ameenda kutazama sufuria.

Siogopi. Madaktari ndio wanaogopa, mimi nawatuliza.

Mjomba


Nyumba ya wafanyakazi
21 Machi

Shikamoo mjomba,

Ninaanza na salamu ndipo nicheke, halafu nitaacha kucheka.

Mimi mzima, mwenzangu wa chumba mzima, amepata mafua na sasa anakoroma kwa sauti mbili.

Mjomba, yule si mimi. Sijabadilisha jina, sijui kupiga kwa kulia, na sijawahi kucheza ngoma mbele yako. Mtu aliyekufunga sita simjui. Na usiseme ulimwachia. Tumecheza miaka, hujaniachia hata kona. Tena bendera uliyochagua siyo ya huku. Ungechagua ya huku, gemu isingekufungulia; bila shaka ulichukua ile inayofanana nayo. Ya huku mstari mwekundu uko juu, hiyo yako uko chini. Umehamia nchi ambayo ukoo wetu hauna hata shemeji! Na Jumamosi hiyo hiyo mimi nilikuwa nyumbani, mjomba. Nilishafanikiwa. Nilivaa kitambaa cha kwetu, nikaingia, nikakutafuta saa nzima, wewe umehama. Nilikuja kwako, wewe ukaenda kusikojulikana. Tumepishana kama watu wanaopigiana simu wakati mmoja, kila mmoja anaambiwa mwenzake anaongea.

Nikuambie nilivyochagua, usije ukamsikiliza tena Nukta na bure yake. Na mimi nilianza na ya bure. Mpira nikiupiga leo unafika kesho, wachezaji wanagandaganda kama yule nyuki wa feni yangu, na nikasoma masharti yao, wanaweza kuuza habari zako kwa yeyote. Ya pili ilikuwa na mbio, lakini gemu iliitambua ikanifungia mlango. Ya tatu ni ya kulipia, ila wanakupa muda wa kujaribu. Ina kompyuta yao karibu na kwetu, hawaweki kumbukumbu ya unachofanya, na inakubali kuigawa kutoka laptopu. Nikachomeka waya kutoka laptopu kwenda kwenye mashine, ikagoma mara mbili, nikagundua waya wenyewe ulikuwa wa simu ya mezani. Nikabadilisha. Ikakubali.

Kwa hiyo wewe toa ya kwako. Mwambie Nukta aizime kwenye ruta kabisa. Kaa ulipo. Mimi ndiye nitakayekuja.

Sasa nimeacha kucheka. Mama alianza kwa kusema ni mafua. Nawe ulikuwa unamwitikia, mafua, mafua, mpaka siku ile. Mshukuru mkaza mjomba kwa niaba yangu. Nimezungumza na mkuu wa zamu, nimemwambia mwisho wa Mei huenda nikaacha kazi nirudi. Hajafurahi. Sijali.

Mpwa wako


Karakana
3 Aprili

Tindo,

Salamu kwanza, ugomvi baadaye. Wazima. Watoto wa paka wamehamia kwa msusi, wanalala kwenye nywele za bandia. Kochi la mwalimu mkuu limetoka, amelikalia, amesema linanukia samaki. Nimemwandikia kwamba ni harufu ya ngozi ya hali ya juu.

Yule mtu wa bendera, nilijua si wewe. Nilikuwa nakupima.

Nukta ameizima. Ilikuwa lazima, maana intaneti tunachangia na msusi, na vipieni ile ilikuwa imeihamisha saluni nzima. Simu yake ilianza kumtangazia majaketi ya theluji na matairi ya barafu. Mteja wake mmoja alitafuta daktari wa meno wa karibu akaelekezwa avuke bahari. Msusi akaja amevimba, "Fundi, umetupeleka wapi?" Sikuweza kujibu, nikainua mikono tu, naye akadhani ninaapa.

Ugomvi sasa. Kuacha kazi kwa sababu gani? Kwa ajili ya kipande cha nyama kilichoko kwenye chupa, ambacho hata mimi mwenye nacho sijakiona? Tulikesha mara ngapi mimi na wewe na yale mavitabu yako ya majokofu, mimi nakuuliza maswali nisiyoyaelewa, wewe unanijibu majibu nisiyoyaelewa? Ulifaulu. Nilitangaza mtaa mzima kwamba mpwa wangu anaweza kugandisha jua. Sasa urudi ukae hapa unitazame nikitafuna? Kaa huko. Nakuambia kama mjomba, si kama rafiki.

Jumamosi ijayo, saa yetu ile ile. Nitakuwa nimekaa nilipo.

Mjomba


Nyumba ya wafanyakazi
14 Aprili

Shikamoo mjomba,

Sijui kama umelala tangu Jumamosi, mimi bado nacheka peke yangu ndani ya chumba cha baridi, na mvuke unanitoka mdomoni kama treni.

Nilipoona jina lako lina taa nilisimama, nikakaa, nikasimama. Mwenzangu wa chumba akauliza, "Ni mchumba?" Nikamwambia ni mjomba. Akasema mjomba gani anapokelewa hivyo.

Nilivaa maiki nikasema, "Mjomba, kama unanisikia, piga mpira nje." Ukaupiga nje. Nikarusha, ukaupiga tena nje. Ukaupiga nje mpaka nikasema basi, nimeamini. Nikakuuliza, mkaza mjomba mzima? Nje. Unakula? Nje. Unakula uji tu? Hapo ukanifanyia rafu. Nimeelewa.

Nikakuuliza kama majibu yametoka. Ukampa golikipa mpira. Akasimama nao. Hukumwagiza kitu, na mimi sikumwendea. Tulikaa hivyo, mjomba, wewe na mimi na watu ishirini na wawili wa kwenye skrini wanapumua tu, na mashabiki wa uongo wakipiga kelele. Nikauliza, unaogopa? Ukachukua mpira kutoka kwa golikipa, ukapita uwanja mzima, ukanifunga. Sijui hilo lilikuwa ndiyo au hapana. Sikukukaba vizuri, nakiri.

Umesema nikae, kama mjomba. Nimesikia. Lakini kwa mkuu wa zamu sijarudi kumwambia kitu. Nitasubiri kipande chako kiseme kwanza.

Vipieni haikuganda hata mara moja. Nimeilipia.

Mpwa wako


Karakana
27 Aprili

Tindo, mwana wa dada yangu,

Leo salamu ni fupi, wote wazima, na neno hilo leo nimelipima kabla ya kuliandika.

Nilikuwa nimejiandaa kukueleza kwa mbwembwe. Nilipanga niseme hospitali ilifungwa kwa muda, wakuu wote wakaitwa, kipande kikaletwa kwenye sinia. Nimeandika hivyo, nimechana. Iko hivi. Tulikaa kwenye benchi mimi na mkaza mjomba wako. Tukaitwa. Daktari akafungua bahasha, akasoma moyoni kwanza, sijui kwa nini husoma moyoni kwanza. Akasema: uvimbe haukuwa mbaya. Kipande ni safi. Hakuna cha kuendelea kukata.

Hapo sijatia chumvi. Hakuna pa kuitia.

Mkaza mjomba wako alinishika mkono, ndipo nikagundua kwamba muda wote nilikuwa nachomoa uzi wa kiti cha daktari, nimeshakiacha wazi mpaka sponji inachungulia. Daktari akamulika koo, akasema limepona vizuri, sasa jaribu, sema neno. Mpwa wangu, maneno yote niliyoyabana tangu Januari yalikuwa yamepanga foleni hapa kooni, mazuri, ya hekima, nilikuwa nimeyachagua. Nikafungua mdomo, nikasema:

"Kiti chako kimelegea springi."

Ilitoka kama bata aliyekanyagwa. Lakini ilitoka! Daktari akacheka mpaka akavua miwani. Mkaza mjomba wako hakucheka, alijifunika uso kwa khanga akakaa hivyo, mabega yanatikisika, nikamwacha. Kiti nimemwahidi nitakuja kukivalisha upya, bure, maana nusu ya uharibifu ni wangu.

Nimeruhusiwa kusema kidogo kidogo, kwa kipimo, kama dawa. Jumamosi nitavaa maiki.

Swali lako la golikipa. Ndiyo.

Mjomba


Nyumba ya wafanyakazi
10 Mei

Shikamoo mjomba,

Natumaini wote wazima. Mimi ni mzima wa namna ambayo sijawahi kuwa mzima, nimekula mara mbili leo na bado nanusa jikoni kwa watu.

Barua yako ilinifikia siku moja kabla ya Jumamosi yetu, nashukuru kwa hiyo, maana nisingeijua sauti yako. Imebadilika. Imekuwa nzito, ina vumbi, kama mlango wa stoo. Uliposema, "Tindo, unanisikia?" nikapiga mpira nje. Ndipo ukaanza. Daktari alikuambia kidogo kidogo, mjomba! Hata kipindi cha kwanza hakijafika katikati umeshanieleza kwamba wauguzi wote walikusindikiza mpaka getini, mmoja amebeba ua. Nikamsikia mkaza mjomba kwa nyuma: "Nani? Tulitoka wenyewe, mvua inanyesha, tukasubiri kibarazani kwa muuza dawa!" Hukusimama. Ukasema mvua ilinyesha kwa ajili yako, kuosha njia. Mimi nilikuwa nalia na pedi mkononi, umenifunga manne, na kwa mara ya kwanza maishani hayo manne ndiyo niliyokuachia.

Asubuhi yake nikaenda kwa mkuu wa zamu kumwambia sitaki tena kuacha kazi, nimebadili nia. Ni mtu mkavu, hapendi hadithi. Akauliza, "Si ulisema nyumbani kuna mgonjwa? Anaendeleaje?"

Nikamwambia, "Bosi, ameanza tena kusema uongo."

Akaweka kalamu chini, akanitazama kwa huruma. "Pole sana."

"Hapana, bosi," nikamwambia, "nipe pongezi."

Mpwa wako,
Tindo